Bekapu Inapogoma Baada ya Kutoka Beta: Mwongozo kwa Wanaotunza Kompyuta Busunzu na Jirani Zake

Programu ya bekapu ikianza kugoma siku moja baada ya kuipandisha toleo, wengi hufanya jambo lile lile. Wanaifuta, wanaifunga upya, kisha wanaanza bekapu mpya juu ya ile ya zamani, na hapo ndipo data inapopotea. Mara nyingi nakala zilizoko kwenye diski ni nzima kabisa. Kilichovurugika ni kumbukumbu ya programu kuhusu nakala hizo. Ukijua kutenganisha vitu hivi viwili, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Nakuandikia wewe unayetunza kompyuta kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo: mwenye steshenari pale Busunzu, katibu wa AMCOS au SACCOS, mwalimu uliyekabidhiwa kompyuta ya shule, mhudumu wa zahanati ambaye kila kitu chenye waya kinaletwa kwako. Programu nitakayoitolea mfano ni Duplicati. Ni ya bure, inakaa kwenye Windows na Linux, na inakata nakala vipande vidogo vinavyopita hata kwenye intaneti ya kuunga na simu. Tena ndiyo yenye historia inayoleta tatizo hili hasa: toleo lake la pili lilikaa kwenye beta miaka mingi. Beta ya 2.0.2.1 ilitoka Agosti 2017, zikafuata nyingine karibu kila mwaka, na toleo la 2.1 lililotangazwa kuwa imara likaja tarehe 31 Januari 2025. Aliyefunga beta ya 2018 akaiacha ifanye kazi kimyakimya, siku anapobonyeza kitufe cha toleo jipya anavuka mabadiliko ya miaka yote hiyo kwa dakika tano.

Kwanza jua unachookoa. Taarifa ulizokwisha kuingiza kwenye mifumo ya mtandaoni kama FFARS au PReM ziko kwenye seva za Serikali, usihangaike nazo. Mali yako ni vile vilivyo ndani ya mashine: majedwali ya Excel ya wanachama na mazao, barua, mihtasari ya vikao, picha za vitambulisho, mitihani iliyotungwa, kanzidata ya Access. Hivyo ndivyo visivyo na mwenyewe mwingine.

Magunia na daftari

Fikiria ghala la maharage. Ndani kuna magunia, na mlangoni kuna daftari linalosema gunia lipi lina nini na liliingia lini. Duplicati inafanya kazi hivyo. Magunia ni mafaili yaliyoko kule unakopeleka bekapu, kwenye diski ya nje au Google Drive. Utayaona yana majina marefu yenye neno dblock, dindex au dlist. Yale ya dblock ndiyo yenye data yenyewe, kila moja kwa kawaida hadi MB 50. Ya dindex yanaeleza kilichomo ndani ya dblock, na ya dlist ni orodha ya mafaili yako kwa kila tarehe ya bekapu. Daftari ni kanzidata ndogo iliyobaki kwenye kompyuta yako, faili lenye mwisho wa sqlite. Kila kazi ya bekapu ina daftari lake, na juu ya yote kuna jingine linaloitwa Duplicati-server.sqlite, linalotunza orodha ya kazi zako, ratiba na mipangilio.

Unapopandisha toleo, programu mpya hulifungua daftari la zamani na kulibadilisha muundo. Magunia haiyagusi. Kwa hiyo hitilafu nyingi za siku ya kwanza ni za daftari, na daftari linaweza kuandikwa upya kwa kuyasoma magunia. Magunia yakifutwa hayaandikwi upya na mtu yeyote.

Hatua ya kwanza ni hii, na haina mbadala. Zima Duplicati kabisa kwa kubonyeza ikoni yake iliyo karibu na saa na kuchagua kutoka. Kisha nakili folda nzima ya madaftari kwenye flashi. Kwenye Windows folda hiyo huwa ndani ya AppData\Local\Duplicati ya mtumiaji husika. Ukiandika %LOCALAPPDATA%\Duplicati kwenye dirisha la mafaili, itafunguka. Ndani yake pengine utakuta mafaili yanayoanza na neno backup na kubeba tarehe. Hizo ni nakala ambazo programu yenyewe hutengeneza kabla ya kubadilisha muundo wa daftari. Usizifute. Zinaweza kuwa njia yako ya kurudi nyuma.

Kazi zote zimetoweka

Unafungua ukurasa wa programu na hakuna kitu, kana kwamba umeifunga leo. Hakuna kilichofutika. Programu inasoma daftari kutoka folda nyingine. Hutokea zaidi pale ambapo zamani ilikuwa inaendeshwa kwa jina lako, na sasa inaendeshwa kama huduma ya Windows, au kinyume chake. Ikiendeshwa kama huduma, beta za zamani zilikuwa zikiweka daftari ndani ya C:\Windows\System32\config\systemprofile\AppData\Local\Duplicati. Hapo ni mahali pabaya, kwa sababu Windows ikijipandisha toleo kubwa inaweza kupasafisha na kuvihamishia vya zamani kwenye folda ya Windows.old. Matoleo mapya yanapendelea C:\ProgramData\Duplicati. Tafuta Duplicati-server.sqlite kwenye diski nzima, angalia tarehe na ukubwa wa kila utakalolipata, na lile kubwa lenye tarehe ya karibuni ndilo lako.

Kabla ya kuhamisha chochote, jaribu jambo jepesi zaidi. Kwenye kivinjari andika localhost:8200, halafu localhost:8300. Zikijibu zote mbili, una Duplicati mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, moja kama huduma na moja kwa jina lako, na kazi zako ziko kwenye ile nyingine. Chagua moja uishi nayo, izime ya pili isiwake tena kompyuta inapowashwa.

Kuhusu nywila: kuanzia 2.1 ukurasa wa programu haufunguki bila nywila, hata kama hukuwahi kuiweka. Usiifute programu kwa sababu hiyo. Fungua ukurasa kupitia ikoni iliyo karibu na saa, utaingia moja kwa moja, kisha weka nywila yako kwenye mipangilio.

Daftari limekataliwa

Kuna ujumbe unaosema kanzidata ina namba ya toleo kubwa kuliko programu inavyoweza kusoma. Huo unampata aliyeingia toleo jipya, akaona halimpendezi, akafunga tena beta yake ya zamani. Daftari lilishabadilishwa, programu ya zamani hailisomi. Ushauri wangu ni kurudi kwenye toleo jipya na kuendelea mbele. Kama ni lazima ubaki na la zamani, ndipo utakapochukua zile nakala zinazoanza na neno backup na kuzirudishia majina yake ya awali. Lakini usifanye hivyo kabla hujasoma sehemu inayofuata.

Kitufe cha Repair si cha kubonyeza haraka

Hapa ndipo nakusihi usome polepole. Kuna jumbe mbili zinazofanana, zote zikikwambia bonyeza Repair, na maana zake hazifanani hata kidogo.

Ujumbe wa kwanza unasema kuna mafaili ambayo hayapo kule bekapu inakokwenda. Daftari linayajua, ghalani hayaonekani. Mara nyingi sababu ni nyepesi: programu inaangalia mahali pasipo penyewe. Kwenye meza ya steshenari hali huwa hivi. Diski ya nje ya bekapu imezoea kuitwa E:. Asubuhi mteja anakuja na flashi yake kuprinti barua ya maombi, flashi inachukua herufi E:, na diski yako ikichomekwa mchana inapewa F:. Programu inaingia E:, inakuta CV na picha za harusi, inalalamika kwamba mafaili yote yamepotea. Hapo ukibonyeza Repair unaanza kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Chomoa flashi, chomeka diski, hakikisha herufi, rudia. Kulimaliza tatizo moja kwa moja, ingia kwenye Disk Management ya Windows uipe diski ya bekapu herufi ya mbali kama R:, ambayo flashi za wateja hazitaifikia.

Flashi hizo huleta pia kirusi kinachoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake. Kikiingia kwenye diski ya bekapu, folda yako ipo ila haionekani, au imesogezwa ndani ya folda isiyo na jina. Safisha kirusi kwanza, rudisha folda mahali pake, ndipo uwashe Duplicati.

Ujumbe wa pili unasema kinyume: kule bekapu inakokwenda kuna mafaili ambayo daftari halina habari nayo. Ukiuona huu baada ya kurudisha daftari la zamani, ondoa mkono kwenye kipanya. Tuseme umerudisha daftari la Machi kutoka Windows.old, na ghalani kuna bekapu za Aprili na Mei. Kwa daftari lile, Aprili na Mei ni takataka. Beta nyingi za Duplicati, ukibonyeza Repair katika hali hiyo, zinaliamini daftari na kuyafuta mafaili zisiyoyatambua. Unakuwa umefuta bekapu zako mpya kabisa kwa kitufe kinachojiita cha matengenezo.

Njia salama ni kuliweka kando lile daftari la zamani na kuandika jipya kutoka kwenye magunia. Fungua kazi yako, nenda sehemu iliyoandikwa Database, angalia hapo jina na mahali pa daftari la kazi hiyo, linakili kwenye flashi, kisha bonyeza Recreate. Hiyo husoma kilichopo ghalani na kukiandika, bila kumfukuza asiyemjua. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kufuata ukiambiwa kwamba daftari limeharibika, jambo ambalo umeme ukikatika katikati ya kazi huweza kulisababisha. Wilaya hizi ziliishi miaka mingi kwa majenereta kabla ya gridi ya Taifa kufika, na hata sasa kompyuta ya mezani isiyo na UPS haina salama masika.

Bando lako na daftari jipya

Kama bekapu iko kwenye diski ya nje, Recreate haikugharimu kitu ila muda. Kama iko Google Drive, kila kinachosomwa kinapakuliwa, na bando ni lako. Mambo yakiwa mazuri programu inapakua dlist na dindex tu, ambazo ni ndogo. Kukiwa na dindex iliyopotea au mbovu, inaanza kuvuta zile dblock za MB 50. Dalili yake utaiona kwenye mstari wa maendeleo: ukivuka asilimia 70 na kuanza kujikokota, ujue dblock zinashushwa. Bekapu ya GB 20 ina dblock takriban 400. Hakuna kifurushi cha siku kinachobeba hiyo.

Nenda na kompyuta mpakato mahali penye intaneti ya malipo ya mwezi, Kibondo mjini au Kasulu, upakue folda nzima ya bekapu kutoka Drive hadi diski ya nje. Kisha elekeza kazi yako kwenye diski hiyo, andika daftari jipya kutoka hapo, na ukimaliza rudisha anwani ya Drive. Daftari linatambua mafaili kwa majina na ukubwa wake, haliulizi yalisomwa kutoka wapi.

Kuna mlaji mwingine wa bando ambaye watu hawamwoni. Baada ya kila bekapu Duplicati hupakua sampuli ya mafaili kuhakikisha yako sawa, na sampuli hiyo ina dblock moja. Ni hadi MB 50 kila siku, yaani karibu GB 1.5 kwa mwezi, hata kama wewe umeongeza barua mbili tu. Kwenye mipangilio ya kina ya kazi, weka backup-test-samples kuwa 0, halafu ujipangie kuipima mwenyewe kila mwisho wa mwezi ukiwa mahali penye intaneti nafuu. Ukiiweka 0 bila kupima kamwe, umejidanganya.

Google Drive ikikataa kabisa kuunganishwa baada ya toleo jipya, ingia kwenye mipangilio ya kazi, sehemu ya mahali bekapu inakokwenda, uombe AuthID mpya, ubonyeze kitufe cha kujaribu muunganisho. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, tazama saa.

Saa

Kompyuta nyingi za mezani tunazozitunza zilikuja zikiwa zimeshatumika kwingine. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ile ya CR2032, imeshachoka. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka. Mtu anawasha mashine, anafanya kazi, hatazami tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa kwa sababu kwa kompyuta hiyo bado havijaanza kutumika, na Drive haifunguki. Hata bekapu ya diski ya nje inagoma, ikisema bekapu iliyopita ina tarehe ya mbele kuliko hii na kwamba kuna kasoro kwenye saa. Ujumbe huo ni wa kweli neno kwa neno. Badilisha betri, rekebisha tarehe, usiguse kitu kingine. Mafundi wengi huilaumu programu mpya kwa sababu tu tatizo limeonekana wiki ile ile.

Faili lililo wazi halinakiliwi

Onyo la manjano linalotaja faili moja au mawili yale yale kila siku huwa ni Excel au Access iliyofunguliwa wakati bekapu inapita. Ukiendesha Duplicati kama huduma, washa chaguo la snapshot-policy. Windows itapiga picha ya diski na bekapu itasoma kutoka kwenye picha hiyo. Chaguo hili linahitaji mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, ndiyo maana lililokuwa likifanya kazi kwenye huduma linagoma ukihamia kuendesha kwa jina lako. Njia nyepesi ni kupanga saa ambayo mafaili yamefungwa lakini mashine bado imewashwa, mfano dakika kumi kabla ya kufunga ofisi.

Wasiopaswa kupandisha

Kama kompyuta yako ni ya Windows 7, usiende 2.1. Toleo hilo limejengwa juu ya .NET 8, ambayo inahitaji Windows 10 kwenda juu. Baki na beta ya 2.0.8.1 ya Mei 2024, na mashine hiyo isiwe ndiyo pekee yenye orodha ya wanachama. Na kama bado una bekapu za Duplicati 1.3.4, ile ya kizazi cha kwanza, elewa kwamba muundo wake hausomwi na toleo la pili kabisa. Hakuna cha kupandisha hapo. Funga mpya pembeni, anza bekapu mpya kwenye folda nyingine, na ile ya zamani pamoja na programu yake vitunze hadi utakapokuwa na uhakika huvihitaji tena.

Neno la siri la bekapu

Duplicati hufunga kila gunia kwa usimbaji wa AES-256 ukiliwekea neno la siri, na uliwekee. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na diski yenye majina, namba za simu na picha za vitambulisho vya wanachama ni mzigo wa kisheria, hasa ikiibwa. Taarifa za wagonjwa usizipeleke kwenye akaunti yako binafsi ya Drive hata kwa nia njema. Hilo ni la mganga mfawidhi na halmashauri kuamua.

Sasa, daftari likipotea linaandikwa upya, lakini neno la siri likipotea hakuna wa kukusaidia, hata waliotengeneza programu. Mara nyingi neno hilo limehifadhiwa ndani ya mipangilio na hakuna mtu anayelikumbuka, kwa sababu aliyeliweka alihamishwa kituo. Kabla ya kupandisha toleo, tumia kitufe cha Export kwenye kila kazi kutoa mipangilio yake pamoja na nywila, na faili hilo likae kwenye flashi iliyofungiwa kabatini pamoja na vitabu vya fedha. Liandike neno la siri pia kwenye karatasi, ndani ya bahasha, mwenyekiti au mwalimu mkuu aisaini.

Kupima kweli

Usiamini alama ya kijani. Pima kwa kurejesha, na urejeshe kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu ukirejesha kwenye mashine ile ile programu inaweza kuchukua data kutoka kwenye mafaili yaliyomo humo humo, nawe ukadhani imetoka kwenye bekapu. Funga Duplicati kwenye mashine ya jirani, chomeka diski ya bekapu, chagua kurejesha moja kwa moja kutoka kwenye mafaili ya bekapu, ingiza neno la siri kutoka kwenye ile bahasha, chagua jedwali moja la Excel na picha moja. Yafungue. Hesabu safu za jedwali, linganisha na la ofisini. Jaribio hilo linapima magunia, neno la siri na uwezo wako wewe kwa pamoja.

Ukimaliza, chomoa diski na kuiweka mbali na mashine, jengo jingine ikiwezekana. Radi ikipiga kwenye nyaya huondoka na kompyuta na kila kilichochomekwa. Huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba. Fanya jaribio hilo la kurejesha kabla hazijaanza, na umwoneshe mtu mmoja zaidi hapo ofisini namna ulivyolifanya.